Mini mpaka lini?

Leo naomba tubishane kidogo, kwa wema tu.

Kuna neno limeingia kwenye magrupu yetu ya biashara na linauza kuliko sukari: "mini". Mbuzi mini. Nguruwe mini. Ng'ombe mini wa maziwa anayekaa uani. Picha ni ileile kila mara: kitoto cha mbuzi kimebebwa mikononi kama mtoto mchanga, mwanga wa jioni, bei laki nne na nusu, halafu komenti mia mbili za "bei ya mwisho?" na "mnatuma mikoani?"

Msimamo wangu ni huu. Ukiuza mnyama mdogo mtandaoni, unauza ukubwa atakaokuwa nao akishakomaa, siyo udogo wake wa leo. Kila mtoto wa mbuzi ni mdogo, hata wa Boer. Kama huwezi kumwambia mteja huyu mnyama atafika sentimita ngapi mabegani na kilo ngapi akimaliza kukua, basi huna mbuzi mini. Una picha ya mtoto wa mbuzi.

Nina duka la mahitaji ya mifugo hapa Morogoro. Nauza pumba, mashudu, jiwe la chumvi, dawa za minyoo, wavu, na naunganisha wafugaji wa vijijini na wateja wa mjini wanaotaka mbuzi wawili watatu wa kuanzia. Shule yangu iliishia kidato cha nne. Mengine nimejifunza kaunta, kwa kusoma usiku na kwa kuwasumbua maafisa mifugo mpaka wamenizoea. Mwaka huu peke yake wamefika dukani kwangu wateja watano na "mini" zao walizonunua mtandaoni kwa watu wengine, wakiuliza mbona hazina uhusiano na picha. Mmoja alikuwa ameshalipa laki nne na nusu kwa mbuzi ambaye mnadani hafiki hata laki. Mbuzi mwenyewe hana tatizo lolote, mzima wa afya, anakula vizuri. Tatizo ni neno aliloongezewa.

Na hawa wateja siyo wajinga. Wanatafuta kitu cha maana kabisa. Mtu ana kiwanja cha 20 kwa 20 Dar, au ile hamsini kwa mia ya ndugu zetu wa Kenya, au kihamba cha Kilimanjaro kilichogawanywa kwa watoto watano mpaka kimebaki mistari ya migomba. Anataka mnyama anayeingia kwenye eneo lake na kwenye mfuko wake. Hesabu ya chakula peke yake inakuonyesha kwa nini udogo una thamani. Mnyama anayecheua anakula kwa siku chakula kikavu cha kama asilimia 3 ya uzito wake. Ng'ombe mkubwa wa kisasa mwenye kilo 500 anataka kilo 15 za chakula kikavu. Majani mabichi ni maji matupu kwa sehemu kubwa, kwa hiyo hapo unazungumzia kilo 75 za majani, kila siku, jua na mvua. Mbuzi wa kilo 25 anamaliza siku na kilo tatu nne za majani. Mtoto akitoka shule na mzigo mmoja wa majani, mbuzi wawili wameshiba. Ndiyo maana soko lipo, na litakua. Linaloniuma ni kuona soko zuri hivi likifukuzwa na watu wa picha.

Twende kwenye mini wa kweli, maana wapo.

Marekani kuna mbuzi anaitwa Nigerian Dwarf. Jina la Nigeria, ila mbegu yenyewe imetengenezewa Marekani kutoka kwa mbuzi wafupi wa Afrika Magharibi waliosafirishwa huko. Chama cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa cha Marekani kilimwingiza kwenye vitabu vyake mwaka 2005, na kina kipimo: jike asizidi sentimita 57 hivi mabegani, dume asizidi 60. Akizidi, hakubaliki kama mbegu hiyo, hata awe mzuri vipi. Maziwa yake ni mazito, mafuta karibu asilimia 6, wakati mbuzi wakubwa wa maziwa kama Saanen wako kwenye tatu na kitu. Mteja wa kule halipii ufupi peke yake. Analipia karatasi inayosema mama yake alikuwa na urefu gani na alitoa maziwa kiasi gani.

Sasa nikupe kitu ambacho kilinifanya nicheke peke yangu dukani. Mbuzi jike wetu wa kienyeji, yule wa kijijini kabisa, akikomaa kwa kawaida ana kilo 20 mpaka 35, na mabega yake yako kati ya sentimita 50 na kitu na 65. Nigerian Dwarf mwenye kilo 30 na kitu ni kawaida tu. Yaani yule "mini" wa Marekani na mbuzi wa bibi yako wanapishana sentimita chache, na kwenye mizani anaweza kumzidi mbuzi wa bibi! Kwa ng'ombe ni hivyohivyo. Ireland wana ng'ombe mdogo anaitwa Dexter, maarufu sana kwa watu wenye mashamba madogo, jike lake lina mita moja hivi mabegani na kilo 300 na kitu. Ng'ombe jike wetu wa kienyeji mwenye nundu mara nyingi yuko kilo 200 mpaka 250. Ana miguu mirefu kidogo kuliko Dexter, sawa, ila kwa uzito na kwa chakula ni mdogo kuliko ng'ombe mdogo wa Wazungu.

Kwa hiyo mini tunao. Tumekuwa nao siku zote, tukawaita "wa kienyeji" kwa sauti ya kuomba radhi.

Hapo ndipo muuzaji mjanja anapoanza kunyoosha mkono: kumbe nikimwita mbuzi wa kienyeji "Nigerian Dwarf" sijadanganya sana! Umedanganya, ndugu yangu. Kinachowatofautisha ni maziwa. Mbuzi wetu wa kienyeji ni wa nyama na wa kuvumilia shida. Anamlea mtoto wake, basi. Mteja aliyeahidiwa lita ya maziwa kila asubuhi akipata kikombe cha chai, atakutafuta. Ng'ombe wetu wa kienyeji naye ni lita moja mbili, na ndama bado anadai chake, wakati Dexter anatoa mara kadhaa ya hapo. Muuze mnyama kwa kile anachofanya vizuri: chakula kidogo, kuvumilia kupe na ukame, kuzaa bila kuitiwa daktari. Hayo mteja wa kiwanja kidogo anayahitaji pia, na hayo unaweza kuyatetea.

Kingine ambacho picha haikuonyeshi ni kwamba udogo una sababu tofauti, na kila sababu ina bei yake. Kuna udogo wa ukoo, ambapo wanyama wa sehemu fulani wamekuwa wadogo kwa vizazi na vizazi kwa sababu ya joto na malisho haba. Mfano mzuri ni ng'ombe wa Vechur, wa Kerala kule India. Jike wake ana kama sentimita 87 mabegani na uzito wa kama kilo 130, na maziwa anatoa mpaka lita tatu. Hao nusura wapotee, kwa sababu sera ya kule ilisukuma kuchanganya damu na mbegu kubwa za nje. Mwaka 1989 mwalimu wa chuo kikuu cha kilimo cha Kerala, Sosamma Iype, aliingia vijijini na wanafunzi wake kuwatafuta waliobaki. Leo ni ng'ombe anayetafutwa. Mimi nikisoma habari ile huwa nawaza mbuzi wa Gogo na wa Newala, ila hiyo ni mada ya siku nyingine.

Halafu kuna udogo wa vinasaba vya ufupi, ambapo miguu inakuwa mifupi kwa sababu mifupa yenyewe haikui kawaida. Dexter wenye miguu mifupi wanabeba kitu hicho. Ukipandisha dume mfupi na jike mfupi, wote wabebaji, kwenye kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata ndama aliyeharibika, ambaye hufa kabla hajazaliwa. Wafugaji wao wanajua, wanapima vinasaba kabla ya kupandisha. Nalitaja hili kwa ajili ya wale wanaotuambia "sisi tunachagua wafupi tu tunawapandisha wenyewe kwa wenyewe, tutapata wafupi zaidi". Ukiwachukua dada na kaka kwa sababu wote ni wafupi, unachokusanya ni matatizo ya ukoo mmoja.

Na kuna udogo wa njaa. Huu ndio umejaa mtandaoni kwetu, tuseme ukweli. Mtoto aliyeachishwa maziwa mapema, au mwenye minyoo, anakuwa na umbo la mwezi wa pili akiwa mwezi wa tano. Muangalie vizuri: kichwa kikubwa kuliko mwili, tumbo limetoka, manyoya yamesimama hayang'ai. Huyo siyo mini, huyo ni mgonjwa. Ukimuuza kama mini, mteja akimpeleka kwake akampa dawa ya minyoo na pumba, mini wake ataanza kurefuka mwezi huohuo.

Hata mnyama mmoja mfupi kweli siyo mbegu. Mnamkumbuka yule ng'ombe wa Bangladesh, Rani, mwaka 2021? Sentimita 51 tu, mfupi kuliko kiti cha plastiki ukijumlisha na mgongo wake. Maelfu ya watu walikwenda shambani kumpiga picha, tena wakati wa masharti ya korona. Alikufa Agosti mwaka huohuo, na Guinness wakamtambua kama ng'ombe mfupi kuliko wote akiwa ameshakufa. Wenzake wa mbegu ileile, palepale shambani, walikuwa wakubwa kama mara mbili yake. Ukinunua ng'ombe wa mbegu ya Rani ukitegemea Rani, umenunua mwingine.

Nije kwa nguruwe. Kama kitimoto haikuhusu, soma tu kwa ajili ya biashara, maana hapa ndipo ujanja wote ulipo wazi.

Mwaka 2012 huko Ontario, Kanada, bwana mmoja anaitwa Steve Jenkins alichukua nguruwe mdogo akiambiwa ni mini, hatazidi kilo thelathini na kitu. Wakampa jina Esther. Esther alipita kilo 250! Yeye na mwenzake walishindwa kuishi naye kwenye nyumba ya mjini, ikabidi mwaka 2014 wahamie shambani, na watu wa mtandaoni waliwachangia pesa ya kununua shamba hilo. Esther akawa maarufu dunia nzima. Hadithi yao iliisha vizuri kwa sababu walimpenda na walipata wachangiaji. Mteja wako wa Mbagala mwenye vyumba viwili na uani hana wachangiaji.

Na hata yule mini aliyetengenezwa na wataalamu, nguruwe wa Göttingen kutoka chuo kikuu kule Ujerumani, waliyeanza kumtengeneza miaka ya 1960 kwa ajili ya maabara, akikomaa ana kilo 35 mpaka 45. Huyo ndiye mdogo kati ya wadogo. Ni karibu mfuko wa saruji, wenye miguu na akili. Mtu akikuambia ana nguruwe wa kukaa kwenye kikapu maisha yake yote, muulize amewashindaje Wajerumani.

Ujanja wenyewe uko hivi. Nguruwe anaweza kupata mimba akiwa na miezi mitano sita tu, lakini anaendelea kukua mpaka miaka mitatu na zaidi. Mteja makini akisema "nionyeshe wazazi", muuzaji anamuonyesha. Wazazi ni wadogo kweli! Wana miezi minane. Mteja anaridhika, analipa, anaondoka na mtoto wa watoto. Mbuzi naye ni hivyohivyo, anaweza kupandwa akiwa na miezi mitano mpaka minane na mimba yake ni miezi mitano, kwa hiyo "mama yake huyu hapa" inaweza kuwa binti ambaye mwenyewe bado anakua. Swali la kuuliza ni "mama ana umri gani?" na jibu lake liko mdomoni mwa mbuzi, siyo mdomoni mwa muuzaji.

Meno hayana maneno mengi. Mbuzi hana meno ya mbele juu. Yako nane chini. Akiwa mdogo yote nane ni ya utoto, madogo na meupe. Akipita mwaka mmoja, kwenye mwaka na miezi miwili mpaka mwaka na nusu, mawili ya katikati yanadondoka na yanaota mawili mapana ya ukubwani. Miaka miwili hivi, mapana manne. Mitatu, sita. Minne, yote nane. Linatofautiana kidogo kwa mbegu na chakula, ila halitofautiani kwa kiasi cha kumfanya mbuzi wa miezi minane awe wa miaka mitatu. Wateja wa Idi ya kuchinja wanalijua hili zamani, wanafungua mdomo kabla hawajauliza bei, kwa sababu mnyama wao lazima awe ametimiza umri. Mteja wa mini anatakiwa afanye hivyohivyo, na wewe muuzaji usisubiri akuombe. Piga picha ya meno ya mama, weka kwenye posti. Picha mbaya, mate, kidole chako kimeshika mdomo, sawa tu. Hiyo picha inauza kuliko ya jioni yenye maua.

Kipimo cha urefu: simamisha mama kwenye sakafu au ardhi ngumu iliyo sawa, chukua futi ya fundi nguo, pima kutoka chini mpaka juu ya mabega pale shingo inapoishia. Kwa ng'ombe mwenye nundu, pima nyuma ya nundu, usipime nundu yenyewe. Uzito, kama huna mizani, futi hiyohiyo inatosha kukadiria kwa mbuzi. Pima mzunguko wa kifua nyuma kidogo ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Pima na urefu wa mwili kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa makalio. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawa kwa 10,840. Mbuzi mwenye mzunguko wa 66 na urefu wa 60 unapata 261,360, gawa, kilo 24. Kama ana mimba kubwa au ametoka kula, kadirio litadanganya, kwa hiyo pima asubuhi. Mimi nina kauntabuku moja ya mbuzi wote wanaopita mkononi mwangu: tarehe ya kuzaliwa kama mfugaji anaikumbuka, meno ya mama, urefu wa mama, uzito. Wale wa Marekani tunaowashangaa kwa bei, mwanzo wao ni daftari kama hili, wakalitunza miaka mingi bila kuchoka.

Wengine mtaniambia, "sasa nikiandika mbuzi wa kienyeji, nani atanunua kwa bei nzuri?" Wananunua. Bei haifiki laki nne na nusu, hilo nakubali kabisa, na siku ya kwanza utaona komenti chache kuliko jirani yako mwenye mini. Lakini mteja wa kiwanja kidogo huwa harudi mara moja. Anarudi kwa pumba, kwa jiwe la chumvi, kwa dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, kwa wavu, kwa beberu wa kupandisha, na anamleta shemeji yake. Faida yangu kwenye mbuzi mwenyewe ni ndogo. Duka linaishi kwa yanayofuata baada ya mbuzi. Muuzaji aliyempiga mteja laki nne na nusu hawezi kumuuzia hata kiroba cha pumba, maana ameshamfungia namba.

Mambo mengine ya haraka kabla hujaposti. Sera za biashara za Facebook na WhatsApp haziruhusu kuuza wanyama kwenye Marketplace wala kwenye orodha ya bidhaa ya WhatsApp Business, mifugo ikiwemo. Ukiweka mbuzi pale unaweza kuondolewa posti au kufungiwa akaunti uliyoijenga miaka mitatu. Pale weka pumba, vyombo vya maji, wavu. Ukurasa wako utumie kufundisha na kuonyesha banda lako, mnyama mteja aje amuone na kumnunua bandani. Kwa biashara ya kiumbe hai ndivyo inavyotakiwa kuwa hata kama Facebook wasingesema. Pili, kusafirisha mifugo kunahitaji kibali kutoka kwa daktari wa mifugo wa eneo lako. Kumtupia mbuzi kwenye buti la basi usiku ni kumtafutia mteja wako ugonjwa na wewe kesi. Tatu, halmashauri nyingi za miji zina sheria ndogo za kufuga mjini, kwa hiyo mwambie mteja amuone afisa mifugo wa kata yake kabla hajakulipa, siyo baada. Na mtu akikuletea habari ya "mbegu nimeagiza nje", omba uone kibali cha kuingiza mnyama nchini na karatasi za karantini. Hana? Basi ametoka Dakawa kama wengine.

Tena, usimuuzie mtu mbuzi mmoja. Najua inasikika kama nataka uuze zaidi. Mbuzi ni mnyama wa kundi, akiwa peke yake anapiga kelele mchana kutwa, majirani wanalalamika, na baada ya wiki mbili anarudishwa. Kama mteja ana uwezo wa mmoja tu, mshauri asubiri apate wa wawili, au aanze na kuku.

Posti yangu ya wiki iliyopita niliiandika hivi, chukueni mbadilishe mnavyotaka:

"Mbuzi majike wawili wa kienyeji, miezi sita. Mama zao wote wana meno manane mapana (picha ya tatu na ya nne), urefu mabegani sentimita 58 na 61, kilo 26 na 29. Tegemea hawa wafike hapo wakikomaa, wanaweza kuzidi kidogo kwa matunzo mazuri. Ni wa nyama na kuzaliana, siyo wa maziwa. Wamepewa dawa ya minyoo tarehe 3. Kwa wawili tenga banda la mita mbili kwa mbili, na majani kilo nane kwa siku wakishakua. Njoo uwaone, fungua mdomo mwenyewe. Kibali cha kusafirisha tunafuatilia pamoja."

Komenti zilikuwa kumi na moja. Waliokuja bandani ni wanne, na wawili kati yao walifungua midomo ya mbuzi kabla hawajanisalimia. Mbuzi waliondoka siku ya tatu, na aliyewachukua ameshaagiza wavu.

Wenye mbuzi nyumbani, hebu pimeni mmoja leo jioni, jike aliyemaliza meno, mniwekee urefu wake hapa chini na mkoa mlipo. Nataka kuona wa Dodoma na wa Tanga wanapishana kiasi gani.